Nililala sakafuni, akaniruka kwenda kuchukua sukari

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, yeye amelala. Nina miaka 48, tunakaa Pasua hapa Moshi. Watoto ni watatu: mkubwa wa kike anafanya kazi Arusha, wa kati yuko chuo, wa mwisho, wa kiume, yuko kidato cha pili. Mume wangu ana miaka 56 na ana duka la vipuri vya magari mjini. Tulifunga ndoa mwaka 1999. Kabla ya hapo alinifuata nyumbani Rombo miaka miwili, akimletea mama yangu mikungu ya ndizi kutoka kwao Kibosho, kana kwamba kwetu migomba haioti. Mama alikuwa akimcheka mpaka anajifuta machozi na kitenge.

Nakwambia hayo ili ujue namzungumzia mtu gani. Huyu mwanaume alikuwa analia kwenye misiba ya watu asiowajua vizuri. Fundi wake alipovunjika mguu, alimpeleka hospitali mwenyewe, na watoto wa yule fundi wakala kwa mkono wetu miezi mitatu. Nikiumwa kichwa tu, anafunga duka mapema. Wifi zangu walikuwa wananitania kwamba nimempa limbwata.

Miaka mitatu iliyopita mtoto wetu wa mwisho alianguka na baiskeli, mkono ukavunjika. Tunamwingiza ndani anapiga kelele, baba yake yuko sebuleni. Akamwangalia, akasema, "Punguza sauti, nasikiliza taarifa ya habari." Akaongeza sauti ya redio. Nilidhani amechoka, mambo ya kodi na wateja wasiolipa. Sikulitilia maanani.

Baada ya hapo yakafuatana. Alianza kula vitu vitamu kama mtoto, jamu anachota na kijiko kutoka kwenye kopo, soda nne au tano kwa siku. Kila saa nne asubuhi anafunga duka, anatembea mpaka Mnara wa Saa, anauzunguka, anarudi, hata mvua ikinyesha, hata mteja akiwa amesimama na pesa mkononi. Alimwambia jirani yetu aliyejifungua kwamba mtoto wake ana sura mbaya. Hakuwa anatania. Dada wa kazi aliondoka, akaniambia baba anamsemea maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele yangu. Kuna mtu alimtumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," akatuma laki nane. Na sasa kuna bwana mmoja anakuja kuja hapa nyumbani, anataka kuinunua nyumba kwa bei ya kutupa, na mume wangu anamkaribisha kiti.

Mwezi wa nne mwaka jana mama yangu alifariki. Simu ilikuja alfajiri. Nikamwambia, mama ameondoka. Akasema, "Basi leo nani atapika?" Kule Rombo, mwili ukiwa bado ndani, alimwuliza padre watamaliza saa ngapi maana ana njaa. Wakati wa chakula alichukua nyama kwenye sahani ya mtoto wa dada yangu. Akamwambia dada yangu, machozi hayajamkauka, "Umenenepa." Tuliporudi Moshi sikuzungumza naye wiki mbili, nikawa nalala chumba cha watoto. Hakuuliza. Siku ya kumi na nne aliuliza sukari iko wapi.

Yeye na kaka yake mkubwa waligombana kuhusu kihamba, shamba la ukoo. Yule kaka akaona ametia aibu, akaja na jani la isale kuomba msamaha, mbele ya wazee wawili. Unajua Shangazi kwetu isale halikataliwi. Mume wangu alilipokea, akalitazama, akaenda akampa mbuzi. Wazee walisimama wakaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo upande wao wanasema amelaaniwa, au mimi nimemfanya kitu.

Binti yangu ndiye alikuja kutoka Arusha akalazimisha twende hospitali. Walimtoa damu, wakampiga picha ya CT. Walimwuliza tarehe, siku, jina la rais, wakamtajia maneno ayarudie baadaye. Akajibu yote, mpaka akamsahihisha muuguzi tarehe. Daktari akatwambia ubongo wa mbele umesinyaa, akaandika kwenye karatasi FTD, akasema ni aina ya dimensia. Shangazi, dimensia si ugonjwa wa kusahau? Huyu anakumbuka bei ya beringi ya Fuso ya miaka mitano iliyopita. Namba za simu za wateja ziko kichwani. Anajua nani anamdai na nani anadaiwa, hadi mia. Ni ugonjwa gani wa kusahau unaomsahaulisha kunipa pole tu?

Mwezi uliopita nilifanya jambo ninaloona aibu kulisema. Nilijilaza kwenye sakafu ya jikoni nikajifanya nimeanguka. Nikasikia ndala zake zinakuja. Zikasimama. Akaniruka, akafungua kabati, akachukua kopo la sukari, akaniruka tena. Alipofika mlangoni akasema, "Maharage yanaungua." Nikabaki palepale chini mpaka yakaungua kweli.

Ndugu zake wanasema kaka yao ni mzima, mimi natafuta aitwe mgonjwa wa akili ili nichukue duka. Mama mkwe anataka apelekwe kwa mganga na amekwisha tafuta ng'ombe wa kuuza. Mimi sijui tena nimwamini nani. Siku nyingine nafikiri ana mwanamke. Siku nyingine nafikiri hakuwahi kunipenda, alikuwa anaigiza, sasa amechoka kuigiza. Niambie kweli, ni ugonjwa au amenichoka? Na nimuache?

Aliyechoka, Pasua.


Marahaba mwanangu.

Pole. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ambapo mtu amekwambia neno hilo, sikuona. Pole kwa kufiwa na mama. Pole kwa mkono wa mtoto, pole kwa wiki mbili za kununa bila mtu kujua umenuna. Na pole kwa ile sakafu ya jikoni. Kabla sijaja kwenye safu hii niliuguza watu miaka mingi, lakini hapo kwenye ndala zilizosimama niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Daktari wako, kwa haya uliyonieleza, sidhani kama amekosea. Kilichokuchanganya ni jina. Sisi tumeizoea dimensia kuwa ni ugonjwa wa kusahau wa wazee, na hata wilaya jirani ya Hai, ulipofanyika utafiti mkubwa wa dimensia uliochapishwa mwaka 2013, waliohesabiwa walikuwa wa miaka 70 na kuendelea, wakaonekana kama 6 katika kila 100. Mume wako na miaka yake 56 asingeingia hata kwenye orodha. Dimensia ni jina la ukoo mzima. Alzheimer ndiye anayejulikana kuliko wenzake kwenye ukoo huo, na yeye kweli huanza kwa kula kumbukumbu. Huyu wa kwako anaanzia mahali pengine: nyuma ya paji la uso, na ubavuni usawa wa masikio. Ndiyo maana ya zile herufi tatu, dimensia ya frontotempora. Huwa inawapata zaidi watu wa miaka 45 hadi 65, wakiwa kazini, watoto wakiwa bado shuleni. Mtu wa kwanza kuueleza alikuwa daktari Arnold Pick, kule Prague, mwaka 1892, na kwa muda mrefu uliitwa ugonjwa wa Pick. Huenda binti yako alisikia mwaka 2023 familia ya mwigizaji Bruce Willis wa Marekani ilipotangaza kwamba ndio unaomsumbua.

Sehemu za ubongo zinazotunza bei ya beringi na namba za wateja, mwanzoni, ugonjwa huu huziacha. Kwa hiyo yale maswali ya tarehe na jina la rais mgonjwa wa FTD anaweza kuyapita yote akatoka nje na kumtukana mlinzi getini. Wifi zako wakisema "mbona mzima," wanasema walichokiona. Wameuona upande ambao haujaungua.

Sasa hiyo pole. Fikiria mtoto wa watu amejikwaa mbele yako barabarani. Neno "pole" limeshatoka kabla hujajua ni mtoto wa nani. Hukuamua. Mwili ulishtuka, kifua kikabana kidogo, mdomo ukafuata. Hicho kinachoshtuka kina makazi yake kwenye ubongo, na makazi yake ni hapo hapo mbele ambapo picha ya CT imeonyesha pamesinyaa. Kuna seli kubwa ndefu zenye umbo la pia, ambazo Constantin von Economo alizieleza kule Vienna miaka ya 1920. Watafiti wa siku hizi wamezikuta zinakufa mapema sana kwa wagonjwa wa FTD, wakati kwa wenye Alzheimer kwa kiasi kikubwa zinabaki. Zimeonekana pia kwa wanyama kama sokwe, nyangumi na tembo. Sisi wa kaskazini tunajua habari za tembo wanaosimama kwenye mifupa ya mwenzao na kuigusa kwa mkonga. Sisemi kwamba seli hizo peke yake ndizo huruma, wataalamu bado wanalijadili. Lakini mimi nikiwaza mume wako akiwa amesimama juu yako pale jikoni, nawaza hilo: kilichotakiwa kushtuka hakipo.

Angalia tena alichosema mlangoni. Maharage yanaungua. Aliona, alisikia harufu, akaeleza sawasawa. Ukimwuliza leo, "Mtu akianguka tufanyeje?" pengine atakujibu vizuri tu: tunamwinua, tunampa pole. Anajua. Kujua kumebaki, kushtuka kumeondoka, na katika maisha yetu ya kila siku kinachotusogeza miguu ni kule kushtuka.

Kuna jambo jingine linalokuumiza bure. Wagonjwa hawa hushindwa kusoma nyuso, hasa uso wa huzuni, wa hofu na wa hasira. Uso wa furaha huwa nafuu kwao. Sauti ya kejeli hawaipati, wanachukua maneno kama yalivyo. Sasa wewe silaha zako ni zipi? Ni zile tulizofundishwa wote na mama zetu: kununa, kuhamia chumba cha watoto, kugonga masufuria, kusema "Asante sana, nimeona wema wako." Mwanangu, ulimpigia vita wiki mbili mtu ambaye hakujua kama kuna vita.

Umeuliza kama hakuwahi kukupenda. Mtu aliyezaliwa na roho ngumu huwa nayo toka ujana, na wewe ungeijua tangu Rombo, mama yako angeijua kabla yako. Wako alibadilika akiwa na miaka 53, na hakubadilika kwako peke yako. Amebadilika kwa mtoto, kwa jirani mzazi, kwa padre, kwa kaka yake. Na vimekuja pamoja: sukari, matembezi ya saa nne, maneno bila breki, pesa kutumwa ovyo, chakula cha sahani ya mtoto. Madaktari wana vigezo vya kutambua aina hii ya FTD inayogusa tabia, vilivyokubaliwa mwaka 2011, na ukiviweka kando ya barua yako utadhani aliyeviandika alikaa Pasua. Kupoteza huruma ni kimoja, kupenda vitamu kupita kiasi ni kingine, kurudia jambo lilelile ni kingine. Ile mikungu ya ndizi ilikuwa kweli.

Habari ya mwanamke wa nje iache. Anayechepuka hununua marashi na kuficha simu. Hanunui jamu.

Hata hivyo sitaki uchukue neno langu badala ya la daktari. Rudi kliniki ileile, uulize vipimo vya damu vilikuwa vya nini. Kaswende ya muda mrefu inaweza kubadilisha tabia ya mtu hivi hivi, VVU pia, na shida ya tezi ya shingo, na upungufu wa vitamini B12. Yote hayo yana tiba, ndiyo maana lazima yaondolewe kwenye orodha. Pombe nayo. Sonona pia humfanya mtu awe kama gogo, ingawa mwenye sonona mara nyingi anaumia ndani na anakwambia, wako haumii. Uliza kama picha ilionyesha uvimbe au damu iliyoganda ya kuanguka zamani. Na kwa zile soda tano, apimwe kisukari.

Dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe haipo. Afadhali nikwambie mimi kuliko uuze ng'ombe kwanza. Zile dawa za Alzheimer hazisaidii hapa, na wengine huwaongezea fujo, kwa hiyo usimruhusu mtu wa duka la dawa akuuzie kwa kusikia neno dimensia. Kuna dawa za sonona ambazo daktari anaweza kumwandikia, hupunguza kurudiarudia, ulafi na kukosa breki kwa baadhi yao. Huruma haziirudishi. Mama mkwe akitaka maombi, ombeni, nendeni wote. Ng'ombe abaki zizini, mtamhitaji.

Sasa naomba jambo moja, na hapa nasema kama mama yako: usimpime tena. Usijilaze tena sakafuni. Usimwambie habari mbaya ili uangalie uso wake. Kila mtihani utakaompa atafeli, na wewe ndiye utakayeubeba huo mzigo wa kufeli hadi kitandani. Kipimo kimeshafanyika hospitali kwa mashine.

Badala yake mwambie kitu kwa maneno mafupi ya wazi, kama unavyomwelekeza mgeni njia. "Nimefiwa. Kaa hapa dakika kumi. Nishike mkono." Wengine hukaa na hushika. Utaniambia, Shangazi, mkono wa kuagizwa una maana gani? Sijui kama una maana. Joto linalo. Kuna wake waliouchukua na kuna waliosema bora wasiushike kabisa, na sikuona waliokosea kati yao. Usibishane naye kuhusu ugonjwa wake pia. Kutojiona kwamba amebadilika ni sehemu ya ugonjwa, ukimwambia "wewe unaumwa" atakuona wewe ndiye mgonjwa.

Matembezi ya Mnara wa Saa mwachie. Yanamtuliza na hayana madhara, ila wenye maduka na vijana wa bodaboda wa njia hiyo wajue, na awe na karatasi ya namba yako mfukoni. Sukari ifungie, weka kidogo kidogo. Gari, kama bado anaendesha, lisitoke. Huyo fundi aliyelishiwa watoto miezi mitatu ana deni la kulipa, na atalilipa kwa furaha: aseme gari bovu, vipuri havijafika. Ni uongo, ndiyo. Padre wako akiuliza, mwambie ni mimi niliyekufundisha.

Kwa dada wa kazi nitakuwa mkali kidogo. Umepita pale kwa sentensi moja. Ugonjwa unaeleza kwa nini alisema, haumfanyi yule binti asiwe ameumizwa. Mtafute, mwombe radhi wewe mwenyewe, mlipe stahili zake, mweleze ni ugonjwa. Usilete msichana mwingine mdogo wa kubaki naye peke yake ndani. Mtafute kijana wa kiume, au mama mtu mzima asiyetishika. Na maneno hayo yakianza kuwa mikono, kwa mtu yeyote, siku hiyohiyo urudi hospitali.

Sasa nyumba, maana huyo bwana anayekaribishwa kiti hatalala. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala kutolewa zawadi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake tu. Na inakupa haki ya kuweka zuio ofisi ya ardhi. Nenda wiki hii, si mwezi ujao. Pale Moshi kuna KWIECO, wanaosaidia wanawake kwa mambo ya sheria, anza nao. Watakueleza pia habari ya kuomba mahakama imteue msimamizi wa mali za mtu aliyepoteza uwezo wa kuamua, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaligusa hilo, na utahitaji barua ya daktari. Kihamba cha Kibosho ni habari nyingine, hicho ni cha ukoo na kinamalizwa na wazee pamoja na serikali ya kijiji. Pesa za simu, laini ya biashara ihamie kwako au kwa mtoto wa kati, yake ibaki na kiasi cha soda. Muda bado upo wa yeye mwenyewe kusaini baadhi ya mambo akielewa anachosaini, na muda huo hauongezeki.

Wanaokuita mwizi wa duka usiwajibu kwa maneno. Chagua wifi mmoja, yule mwenye ulimi mkali kuliko wote, umwambie: wewe ndiye utakayenisindikiza kliniki safari hii, ukae ndani na kaka yako, umsikie daktari mwenyewe. Muulize daktari akuonyesheni ile picha. Wifi akishaona ubongo wa mbele wa kaka yake ulivyopungua, yeye ndiye atakayekuwa wakili wako Kibosho. Na mwambie kaka mkubwa kuhusu isale. Mwambie hivi: halikukataliwa, lilipokelewa na mtu asiyejua tena amepokea nini. Wazee wataelewa wakielezwa na mtu wa upande wao, kwako watasikia utetezi. Kama kuna namna ya wazee kulirudia jambo hilo yeye akiwa hayupo, waulizeni wenyewe, mimi si wa Kibosho.

Huyo wifi mtumie kwa swali lingine pia: kwenye ukoo wao kuna mtu aliyewahi kubadilika tabia akiwa na umri wa kati, akafukuzwa, akaitwa mlevi au kichaa? Au aliyenyauka misuli ya mikono, akashindwa kumeza? Kuna familia ambazo FTD inarithiwa, na nyingine inafuatana na ugonjwa huo wa neva unaonyausha misuli. Kwa wagonjwa wengi hakuna urithi wa wazi, kwa hiyo binti yako wa Arusha asianze kuhesabu siku. Lakini daktari anahitaji kuyajua. Na mume wako akianza kupaliwa na chakula au kuangusha vitu mkononi, lisemwe.

Nimuache? Hilo nimeliacha nyuma kwa kuwa ndilo gumu. Sitakwambia uvumilie. Neno hilo tumelitumia vibaya sana kwa wanawake. Ninachokuomba ni usiamue kama mtu aliyetukanwa, kwa sababu hukutukanwa. Huu ugonjwa unaenda mbele, kwa wengine miaka michache, kwa wengine zaidi ya kumi, na baadaye maneno yenyewe hupungua na kuoga na kula huhitaji mkono wa mtu. Anayemtunza si lazima awe wewe kila saa. Unaweza kumtunza bila kulala naye chumba kimoja. Unaweza kumtunza bila kumpenda siku ya Jumanne. Unaweza pia kusema umeshindwa, ukoo wake ukakaa kikao na kugawana siku, na kikao hicho ukikiitisha leo hujakosea. Nimeona wanawake waliobaki wakiwa wamekufa ndani, na nimeona walioondoka wakawa wanarudi kila Jumapili na chakula. Sina la kukuchagulia.

Ila pole haitatoka kwake tena, na wewe huwezi kuishi bila hiyo. Kwa hiyo itafute kwa makusudi, kama unavyotafuta mkaa. Jumuiya yako ijue ni ugonjwa gani, kwa jina, siyo "baba fulani hajisikii vizuri." Binti yako aje wikendi moja kila mwezi, wewe uende Rombo ukalale kwa dada yako, ulie msiba wako vizuri. Pale msibani ulizongwa na aibu ya ile nyama iliyochukuliwa kwenye sahani ya mtoto, mama yako hukumlilia.

Nawe hujaniambia lolote juu yake zaidi ya kicheko chake na kitenge. Alikuwa anaitwa nani? Alikuwa anapika nini watu wakitoka Moshi kumtembelea? Niandikie, si lazima iwe ya kuchapishwa. Nitakaa niisome.